Iogopeni dawa ya goti inayoponya usiku mmoja

Palizi ya pamba ikipamba moto Mwandoya, wilayani Meatu, mama wa miaka sitini anajua ni goti lipi litakalomnyima usingizi. Siku ya mnada hakosi kumsikia muuzaji mwenye kipaza sauti na meza ya makopo akitangaza kwamba ute wa magoti ukiisha, lazima uongezwe. Jirani naye atamshauri anywe maji ya bamia.

Ute huo upo kweli, na kazi yake ni kulainisha kiungo. Ila magoti yakisagika, kinacholika hasa ni gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa. Ute wa bamia huishia tumboni na kwenye utumbo, sawa na wa mlenda. Hauna njia ya kufika gotini. Bamia ni mboga nzuri, iliwe kama mboga.

Makopo mengi huandikwa glukosamini na kondroitini. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya wagonjwa 1,583 wa magoti waliofuatiliwa kwa wiki 24. Waliomeza glukosamini, 64 kati ya 100 walipata nafuu. Waliomeza vidonge visivyo na dawa yoyote, bila wao kujua, walikuwa 60. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuitwa tiba. Ndiyo maana shuhuda za mnadani hazinishangazi: maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe, na matumaini nayo hutuliza.

Kwa usalama, glukosamini haina makuu, isipokuwa kwa anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, au anayedhurika akila kamba. Wapo pia wanaotegemea manjano: ya kwenye mchuzi hayana shida. Vidonge vyake vilivyokolezwa, hasa vyenye pilipili manga, vimewahi kuumiza ini.

Ninachokihofia zaidi ni kopo la “mitishamba” linalomwinua mgonjwa kesho yake asubuhi. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kuhusu virutubisho vya Artri King: maabara ilikuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Diklofenaki huweza kutoboa tumbo na kuchosha figo. Deksamethasoni hupandisha sukari na presha, huvimbisha uso, na ikitumika muda mrefu mwili huacha kujitengenezea homoni yake ya aina hiyo. Nafuu ni ya kweli, na hapo ndipo mtego ulipo.

Kinachosaidia hakina kipaza sauti. Keti kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele, kaza paja, hesabu hadi tano, shusha taratibu. Rudia mara kumi kila mguu, kila siku. Paja lenye nguvu hulipunguzia goti mzigo. Mwenye uzito mkubwa akipunguza kilo moja, goti hupunguziwa takribani kilo nne katika kila hatua. Jeli ya diklofenaki ya kupaka ni salama kuliko vidonge vyake. Na wakwe wa Kisukuma waliozoea kuamkiwa kwa kupigiwa magoti wavumilie kidogo: mama mwenye goti bovu aamkie akiwa amesimama.

Kama umeshazoea kopo la “mitishamba” la namna hiyo kwa wiki kadhaa, usiliache ghafla, maana unaweza kuishiwa nguvu na kuanguka. Libebe na lebo yake, umwonyeshe daktari, akupunguzie kwa utaratibu huku akikupima sukari, presha na figo.