Nguo Mbichi Haifukizwi Udi

Katika siku za masika, mvua inapopusa kitambo na jua likachomoza ghafla juu ya lami iliyorowa, mtu aingiaye garini jijini Dar es Salaam hana subira ya kungoja upepo wa bahari; hufunga vioo, akawasha kiyoyozi, na badala ya baridi safi aliyoitaraji hupigwa puani na uvundo wa nguo iliyokunjwa kabla ya kukauka. Uvundo huo niliishi nao takriban mwaka mzima katika gari langu, kuukuu la Kijapani lililokwisha kupita mikononi mwa watu nisiowajua, na kwa kuwa pua ya mwenye nyumba huizoea harufu ya nyumba yake, yamkini ningelidumu nao hadi leo lau si binti wa ndugu yangu, aliyepanda siku moja tukielekea Bagamoyo na kuniambia pasi na haya, "Ami, gari lako lanuka soksi."

Nikafanya lifanywalo na wengi: nikanunua kwa vijana wa kwenye taa za barabarani kikadi cha marashi, nikakitundika kiooni. Matokeo yake yalikuwa soksi zilizopakwa vanila. Nami nililelewa na bibi ambaye hakuwahi kufukiza udi nguo ambayo haikukauka barabara. Alizifua, akazianika, akazigusa mapindoni kuhakikisha, ndipo akazitandika juu ya tenga lenye chetezo chini yake, maana moshi wa udi ukikutana na umbichi huzaa harufu ya tatu iliyo mbaya kuliko zote mbili. Hikima hiyo nilikuwa nayo tangu utotoni, ila sikudhani kwamba yahusu magari.

Fundi wa kwanza niliyemwendea hakulisikiliza shauri langu hadi mwisho. Alisema gesi imekwisha, akajaza, akapokea ujira wake, na uvundo ukarudi nami nyumbani ukiwa baridi zaidi. Insafu ni kusema kwamba gesi haina dhambi hapa. Hiyo iitwayo R134a, iliyoshika mahali pa R12 katika magari ya miaka ya 1990 baada ya mkataba wa Montreal wa 1987 wa kuihifadhi tabaka ya ozoni, huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, wala haikutani na hewa tuivutayo. Na baridi ikiwa yatoka vyema, hapana sababu ya kuigusa.

Asili ya uvundo ni maji. Mwaka 1902, mhandisi wa Kimarekani Willis Carrier aliposanifu mtambo wake wa kwanza kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, nia yake haikuwa kumstarehesha mtu bali kuupunguza unyevu wa hewa, kwani karatasi zilikuwa zikivimba na kunywea, na rangi zikakosa kukaa mahali pake. Kiyoyozi cha gari nacho ni mkaushaji wa hewa kwanza: nyuma ya dashibodi imefichwa evaporeta, mfano wa rejeta ndogo yenye mapezi membamba ya alumini, na hewa ya pwani, nzito kwa unyevu, ikiyagusa mapezi hayo hutona maji kama yatonavyo ubavuni mwa gilasi ya barafu. Maji hayo huteremka katika sinia, yakatoka kwa kijibomba cha mpira hadi chini ya gari. Ndilo lile dimbwi dogo limtialo hofu mwenye gari mgeni, ilhali ni dalili ya afya. Lakini safari ikisha, gari likaachwa juani limefungwa, mapezi hubaki na majimaji gizani, pamoja na vumbi, nywele na chavua za miti, na kuvu haina haja ya karamu iliyo bora kuliko hiyo.

Fundi wa pili, mtu wa maneno machache, alifungua droo ya dashibodi, akaibana kingo zake mbili ikaning'inia, akachomoa chujio la hewa ambalo mimi, nakiri, sikujua kwamba lipo. Lilikuwa na rangi ya makuti makongwe, limejaa vipande vya majani na mbawa za wadudu, kwani gari langu hulala chini ya mkungu na takataka za mti hunyonywa kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele. Kisha akainama upande wa abiria, akabonyeza zulia, maji yakachuruzika vidoleni mwake. "Mzee, bomba limeziba," akasema, akaingia uvunguni na waya mwembamba, na punde si punde pakamwagika maji meusi mfano wa wino. Hatimaye akapuliza povu la kusafishia evaporeta, akaliacha robo saa na ushei liyeyushe uchafu. Nilipomuuliza kwa nini asitumie dawa ya kung'arishia nguo, iliyo rahisi, alitikisa kichwa: yala alumini, na mvuke wake hauendi kwingine ila kifuani mwako.

Si kila harufu ni ya kuvu, lakini. Harufu tamutamu, pamoja na ukungu wa mafuta kiooni, aghalabu hutokana na maji ya rejeta yanayovuja kwenye kipasha joto. Na harufu ya petroli au ya moshi wa ekzosi si jambo la kungoja kesho.

Dawa niliyopewa ya kuzuia marejeo haina gharama: dakika chache kabla ya kufika, zima baridi, acha feni izunguke ikivuta hewa ya nje, mapezi yakauke. Wenzetu wa kwanza walipata taabu zaidi, kwa kuwa katika gari la Packard la mwaka 1940, la kwanza kuuzwa na kiyoyozi kutoka kiwandani, kuizima kompresa kulimlazimu dereva kusimamisha injini, kufungua boneti na kuuvua mkanda.

Mimi nabonyeza kitufe tu. Juzi tulipofika Kiromo, Bagamoyo ikikaribia, nikakibonyeza. Binti akajifutafuta jasho kwa ncha ya mtandio, akanigeukia. "Ami, mbona wanichoma?"