Ruzuku ya Mbolea Inamfaa Nani?

Huku Kiganjo, Thika, shamba ni kile kipande kilichobaki kati ya ploti moja ya hamsini kwa mia na nyingine. Langu ni la kukodi, robo ekari ya mahindi na maharagwe. Mbolea ya kupandia huinunua agroveti kwa kupimiwa, kwa maana mfuko mzima wa kilo 50 hunizidi.

Septemba 2022 serikali ya Rais William Ruto ilishusha bei ya mfuko huo kutoka takriban shilingi 6,500 hadi 3,500. Mwaka uliofuata ikafika 2,500. Unaandikishwa kupitia kwa chifu, unataja ekari zako, unatumiwa ujumbe wa simu, unalipa, halafu unaenda kuchukua mbolea ghalani.

Sasa tupige hesabu. Nafuu ya 2022 ilikuwa shilingi 3,000 kwa mfuko. Aliyepata mfuko mmoja aliokoa 3,000, nayo nauli ikaimega nafuu hiyo. Aliyepata mifuko 20 aliokoa 60,000, akakodi pikapu mara moja. Mimi je? Aliyeandikishwa ni mwenye shamba, na ujumbe uliingia kwenye simu yake. Jembe ninalo mimi.

Hata Ulaya malipo ya ruzuku hufuata sana ukubwa wa shamba, na takriban asilimia 80 ya fedha huishia kwa asilimia 20 ya wanaolipwa.

Wapo wanaosema basi tuchujwe, wapewe maskini peke yao. Kenya ilishajaribu. Mpango wa Kilimo Plus, ulioanza 2007, uliwapa wakulima wadogo vocha za mbegu kilo 10 na mbolea kilo 100, za kutosha ekari moja. Ulikuwa na haki zaidi, lakini lazima mtu akae aamue nani maskini, na kila sharti linaloongezwa humkwamisha kwanza asiye na simu wala wa kumsemea. Tena masharti hayo humkagua mkulima, si mfuko: mapema 2024 mbolea ghushi iliuzwa ndani ya mpango wa ruzuku ulioanza 2022.

Mimi naona masharti mawili yanatosha: kila mkulima awekewe kikomo cha mifuko, na aandikwe anayelima, awe na hati au asiwe nayo. Mifuko midogo nayo ifike agroveti za mtaani. Chifu akiita baraza, nenda na kitambulisho chako, na kama umekodi, liseme hilo mbele ya watu.