Kwa Nini Kamba ya Plastiki Hukatika Juani

Leo twapenda kueleza jambo linalowahusu wavuvi na mabaharia wote, tangu Kilwa Kivinje hata Lindi. Mbona kamba ya plastiki iliyo mpya hunyumbuka na kustahimili uzito, na iliyokaa juani miezi mingi hukatika ikivutwa kidogo tu?

Kwanza na tumtazame msokotaji wa kamba za usumba. Nyuzi fupi mno zikivutwa hutengana upesi, kwa kuwa zimeshikana mahali pachache. Nyuzi ndefu huzungukana mara nyingi, na kila moja huizuia nyingine.

Plastiki nayo ina nyuzi zake, zisizoonekana kwa macho. Kila uzi ni mnyororo wa chembe ndogo kabisa ziitwazo atomu. Mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Staudinger, alieleza habari ya minyororo hiyo mwaka 1920, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1953. Hata mpira wa mwituni, uliopelekwa ng'ambo kutoka Kilwa na Lindi katika karne ya 19, ni minyororo ya namna hiyo: imejikunja, ikivutwa hunyoka, ikiachwa hujikunja tena.

Sasa tulinganishe mshumaa wa dukani na ndoo ya plastiki. Vyote viwili vimeundwa kwa kaboni na haidrojeni. Lakini mnyororo wa nta una atomu za kaboni 20 hata 40 hivi, na wa ndoo una maelfu. Ndiyo sababu mshumaa ukipindwa huvunjika, na ndoo hujipinda isivunjike.

Lakini ugumu hautokani na urefu peke yake. Minyororo iliyonyoka hulala karibu karibu, plastiki ikawa ngumu. Yenye matawi mengi hukaa mbali mbali, plastiki ikawa laini kama mfuko.

Basi jua hufanya nini? Mwanga wake mkali, pamoja na hewa, huikata minyororo vipande vipande. Kamba huonekana ni ile ile, kumbe nguvu zake zimekwisha.

Kwa hiyo mwenye chombo asiiamini kamba ya nanga kwa unene wake tu. Aikunje: ikitoa unga, au nyuzi zake zikivunjika, asiitegemee baharini. Iliyo nzima na aiweke kivulini. Na iliyochakaa isitupwe ufukoni, maana hukatika hata ikawa chembe ndogo kama mchanga, nazo hubaki pwani miaka mingi.