Adhabu ya Tingatinga
Wahenga walinena kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Adhabu ya tingatinga huijua fundi alalaye chini yake matopeni. Chujio la mafuta hufichwa nyuma ya mabomba, naye hulazimika kufungua nusu ya mashine nzima ili kulifikia. Mashine za kisasa zina pia programu zilizofungwa, asizoweza kuzigusa fundi wa nje. Nchini Marekani, mwaka 2023 jimbo la Colorado lilipitisha sheria ya kuwalazimu watengenezaji wa mashine za kilimo kuwapa wakulima na mafundi huru vipuri, zana na maelezo ya ukarabati. Hata hivyo, sheria haisogezi chujio. Walimu wa uhandisi, kabla ya kumsifu mwanafunzi kwa mchoro wake, mpeni spana.