Tangi la Maji Chumvi Limegeuka Kijani? Msee wa Nax, Usimwage Kwanza!

Umeseti tangi lako kejani pale Section 58. Chumvi ya bahari umenunua, taa kali iko, samaki wawili wa rangi ya machungwa wameingia. Wiki ya pili kioo kinageuka kahawia. Wiki ya nne manyoya ya kijani yamefunika mawe yote. Mabeste wakija wanauliza kama unafuga samaki ama sukuma. Unashika ndoo, unataka kumwaga kila kitu uanze upya.

Tulia kwanza. Ukimwaga, unaweza kuua samaki wako.

Iko hivi. Uchafu wa samaki na chakula kinachooza hutoa amonia, na hiyo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, halafu wengine wanaigeuza kuwa naitreti, ambayo samaki wengi wanaivumilia. Bakteria hao huchukua kama wiki nne hadi sita kujaa kwenye mawe, mchanga na filta. Ukiosha kila kitu na maji ya mfereji yenye klorini, unawamaliza, na amonia inapanda tena. Hiyo amonia ndiyo inaua samaki, si ile kijani inayokukera macho.

Sasa mwani wenyewe unakula nini? Mwanga, naitreti na fosfeti. Ule wa kahawia unaokuja mwanzo unaitwa daiatomu, na unahitaji silika kujenga ganda lake. Hapa ndipo watu wa Bonde la Ufa tunachomeka. Maji yetu ya visima hupita kwenye mawe ya volkano na kubeba silika, pamoja na ile floraidi inayochafua meno ya watoto. Kwa hivyo changanya chumvi na maji ya mashine ya RO. Maduka mengi ya kujaza mitungi hutumia mashine hizo, lakini uliza kama wanaongeza madini baadaye. Ukiambiwa ndiyo, tafuta kwingine.

Na kuna wale watauliza: bahari iko zaidi ya kilomita 600, mbona nisichote tu maji ya Lake Nakuru? Zii. Chumvi ya hapo ni ya aina ya magadi, na pH yake hufika karibu 10. Bahari iko karibu 8.2. Samaki wa Mombasa hawatoboi hapo.

Lakini ziwa lenyewe lina somo. Halina mto wa kutoa maji, kwa hivyo jua likichoma, maji yanaenda na chumvi inabaki. Tangi lako ni vile vile: yakipungua, ongeza maji matamu ya RO, usiongeze ya chumvi. Na kinyume chake pia ni noma. Tangu karibu 2010 ziwa lilipoanza kufura, chumvi ilizimuliwa, ule mwani unaoliwa na flamingo ukapungua, na wengi wao wakahamia Bogoria na kwingine. Maji yakibadilika kidogo tu, mbogi nzima inahama. Samaki wako hawana pa kuhamia.

Fanya hivi:

Pima amonia na naitraiti kila siku chache. Zote zikisoma sifuri, na naitreti imeanza kuonekana, bakteria wameshika.

Washa taa saa sita hadi nane kwa siku, na usiweke tangi karibu na dirisha la jua.

Lisha kile samaki watamaliza kwa dakika mbili. Mabaki ni mbolea ya mwani.

Badilisha asilimia 10 hadi 15 ya maji kila wiki. Maji mapya yawe na chumvi na joto sawa na ya zamani.

Ng'oa manyoya kwa mkono, kisha leta konokono wa baharini wale yaliyobaki.

Weka pampu ndogo ya betri. Stima ikipotea usiku kucha, hewa inaisha, na samaki na bakteria wote wako hatarini.

Usiongeze samaki mpaka vipimo vitulie. Miezi miwili mitatu ya kijani ni kawaida kwa tangi jipya. Ile ndoo weka chini, chukua kifaa cha kupimia.