Ebola: Kwa nini virusi hubaki mafichoni hata baada ya mgonjwa kupona

Tarehe 25 Juni 2020, serikali ilitangaza mwisho wa mlipuko wa kumi wa Ebola, ule uliopiga Kivu Kaskazini, Ituri na hata kugusa Kivu Kusini. Watu 3470 walipatwa na ugonjwa huo, 2287 wakafariki, 1171 wakapona. Hata miezi minane haijapita, tarehe 7 Februari 2021, Ebola ikatangazwa tena, safari hii katika eneo la afya la Biena, karibu na Butembo. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mke wa mwanaume aliyepona Ebola wakati wa mlipuko uliopita.

Katika Butembo na Beni wakaaji waliuliza swali moja: imetoka wapi tena? Wengine walisema ni biashara ya watu wa riposti. Lakini vipimo vya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, vilionyesha kwamba virusi hivyo ni watoto wa vile vya 2018, si virusi vipya kutoka porini. Vilikuwa vimebaki ndani ya mwili wa mtu. Ili kuelewa namna gani jambo hilo linawezekana, ni lazima kufuata virusi tangu vinapoingia.

Kuingia ndani ya gunia la takataka

Kirusi cha Ebola ni kitu kidogo sana. Kina jeni saba tu, wakati mwanadamu ana karibu elfu ishirini. Peke yake hakiwezi kuzaana, kwa hiyo kinahitaji seli, yaani chembe hai ya mwili, ili kitumie mashine zake.

Ujanja wake wa kwanza ni kujifanya uchafu. Kila siku seli zetu nyingi hufa, na seli nyingine hupita zikimeza mabaki yake. Kirusi cha Ebola hujifunika kwa mafuta yenye alama ileile ya seli iliyokufa. Seli ya usafi ikikiona, inakimeza yenyewe, ni kama mwenye nyumba anayebeba gunia la takataka bila kujua kwamba mwizi amejificha ndani.

Kikiisha kumezwa, kiko bado ndani ya mfuko, hakijafika katikati ya seli. Humo, dawa za seli zinazokata chakula hukata pia kipande cha protini iliyo juu ya kirusi. Kwa kukata hivyo zinafunua ufunguo. Ufunguo huo unaingia katika kufuli moja tu, protini inayoitwa NPC1, ambayo kazi yake ya kawaida ni kusafirisha kolesteroli. Kufuli likifunguka, kirusi kinapenya na kuanza kujinakili mara nyingi.

Kunyamazisha filimbi

Katika miji yetu, wezi wakiingia usiku watu hupiga filimbi na kugonga masufuria ili mtaa mzima uamke. Seli pia hufanya hivyo. Ikitambua kirusi inatoa interferoni, ujumbe unaoziambia seli jirani zifunge milango.

Ebola ina protini mbili za kuzuia kelele hizo. Ya kwanza, VP35, inafunika alama za kirusi ili seli isitambue kwamba imevamiwa. Ya pili, VP24, inafanya kazi hata kama majirani wamekwisha kupiga filimbi: inazuia ujumbe usifike kwenye kiini cha seli. Kwa hiyo kwa siku za kwanza mtu anaenda sokoni, anaenda shambani, bila dalili yoyote. Kipindi hicho ni kati ya siku 2 na 21, na katika muda huo haambukizi wengine.

Jambo baya zaidi ni kwamba seli za kwanza kushikwa ni zile za ulinzi wenyewe, zinazozunguka mwilini kutafuta adui na kumwonyesha kwa askari wengine. Zinakuwa magari ya kubeba virusi hadi kwenye maini na wengu. Halafu, mwili ukiamka kwa kuchelewa, unatoa ishara za vita nyingi kupita kiasi. Mishipa ya damu inavuja, damu inapoteza uwezo wa kuganda vizuri, na askari wengi wa damu wanakufa hata kama kirusi hakikuwaingia. Mgonjwa anaumizwa na virusi, na tena anaumizwa na vita vya mwili wake.

Nani anapona?

Utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa Gabon katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba waliopona walikuwa wametengeneza kingamwili mapema. Kingamwili ni protini zinazoshika kirusi kabla hakijaingia katika seli.

Congo ilikuwa imekwisha kuona nguvu yake. Mwaka 1995 huko Kikwit, kikundi cha Profesa Jean-Jacques Muyembe kiliwapa wagonjwa wanane damu ya watu waliopona, na saba kati yao waliishi. Miaka 11 baadaye, mtu mmoja aliyepona Kikwit alitoa damu, na ndani yake watafiti wakapata kingamwili iliyopewa jina la mAb114. Inafanya kitu kimoja rahisi: inafunika ule ufunguo, usiingie tena katika kufuli la NPC1.

Dawa hiyo ilijaribiwa hapa kwetu, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kuanzia Novemba 2018, pamoja na nyingine tatu. Wagonjwa 681 walishiriki. Mwezi wa Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa kwa sababu mbili kati ya hizo, mAb114 na REGN-EB3, zilionekana wazi kuwa bora. Kati ya waliofika kituoni mapema, virusi vikiwa bado vichache katika damu, alikufa karibu mtu mmoja kwa kumi.

Chanjo nayo inafuata njia hiyohiyo. Ndani yake kuna kirusi kingine cha mifugo, kilichovishwa protini ya nje ya Ebola. Hakiwezi kuleta Ebola, lakini kinafundisha mwili sura ya adui. Zaidi ya watu 300 000 waliipokea wakati wa mlipuko wa kumi.

Vyumba ambavyo askari hawaingii

Basi, kama kinga imeshinda, virusi vinabaki wapi?

Kuna sehemu ambazo mwili unakataza askari wake kupigana kwa nguvu, kwa sababu vita vingeziharibu kabisa: ndani ya jicho, katika ubongo, katika korodani. Damu inaweza kuwa safi, na mabaki ya virusi yakabaki humo. Kwa wanaume wengi huisha katika mbegu za kiume baada ya miezi kadhaa, lakini huko Guinea mwanaume mmoja alikutwa navyo baada ya zaidi ya siku 500. Na mlipuko wa Guinea wa 2021 ulitokana na virusi vilivyobaki tangu ule wa 2014-2016.

Inatokea pia, kwa nadra, kwamba ugonjwa unamrudia mtu mwenyewe. Mwishoni mwa 2019 mtu mmoja aliyekuwa amechanjwa, akatibiwa na akapona, aliugua tena baada ya miezi sita hivi. Mlolongo wa maambukizi uliotoka hapo ulifikia wagonjwa 91.

Habari hizi zisitufanye tuwakimbie waliopona. Kuwasalimia kwa mkono, kula nao, kukaa nao kanisani au kwenye moto si hatari. Hatari iliyobaki iko hasa katika ngono, na ina njia ya kuizuia: Shirika la Afya Duniani linashauri mwanaume apimwe mbegu kuanzia mwezi wa tatu baada ya kuugua, mpaka vipimo viwili vitoke safi, na kabla ya hapo atumie kapoti au ajizuie. Na homa ikimrudia, aende kituoni haraka, aseme kwamba aliwahi kupata Ebola.

Mtu anayechekwa mtaani au kufukuzwa kazini hatakwenda kupimwa. Atahama na kujificha. Tukumbuke pia ni nani walilea watoto wachanga ambao wazazi wao walikuwa wamelazwa Beni na Butembo: ni wanawake waliopona, kwa kuwa kinga yao iliwaruhusu kuwabeba pale ambapo wengine waliogopa kuwagusa.