Bando Moja, Darasa Zima: Intaneti Shuleni Bila Kumaliza Mfuko

Mwalimu, hebu fikiria. Uko darasani Junju, somo ni Sayansi, na leo mnasoma kuhusu matumbawe. Bahari haiko mbali, lakini wanafunzi wengi hawajawahi kuona kilicho chini ya maji. Video ya dakika 10 ingewaonyesha. Unaiwasha kwa simu yako, inaanza, inakwama. Bando limeisha. Na bando lenyewe ulilinunua kwa pesa zako.

Cha kushangaza ni kwamba intaneti inaingia Kenya kupitia hapa hapa Pwani. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka wa 2009. Lakini kuwa karibu na waya hakupunguzi bei ya bando. Kwa hivyo, tupige hesabu.

Video ya dakika 10 yenye ubora wa 360p hula takriban MB 50. Wanafunzi 40 wakiitazama kila mmoja kwa simu yake, hiyo ni MB 2,000, karibu GB 2. Ukiipakua mara moja wewe mwenyewe, ni MB 50 tu, na kesho utaitumia tena na darasa lingine.

Fanya hivi:

1. Anza na swali, si video. Kwa mfano: kwa nini samaki hupenda kukaa kwenye matumbawe?
2. Pakua ukiwa nyumbani. Linganisha bei za mabando na uangalie muda wa kuisha. La siku moja halikufai kama somo ni wiki ijayo.
3. Itazame yote kwanza. Usishtukizwe mbele ya watoto. Masomo yanayofuata mtaala utayapata pia kwenye Kenya Education Cloud ya KICD.
4. Gawa makundi. Simu ni ndogo. Kundi moja likitazama, mengine yachore na kuandika.
5. Rudisha somo nyumbani. Kuruwitu, karibu na Vipingo, wavuvi wenyewe walitenga sehemu ya bahari isivuliwe ili samaki warudi. Watoto waulize wazee wao kuhusu hilo.

Na wazazi wakikubali kuchangia bando? Kubalianeni kiasi kwenye mkutano. Pesa ziende kwa nambari ya paybill ya shule, si kwa simu ya mtu. Mzazi, kabla ya kuthibitisha, soma jina linalotokea. Si la shule? Acha kwanza, upigie shule. Ukishatuma, usifute ule ujumbe, ndio risiti yako. Na PIN yako usimpe mtu yeyote, hata akisema ni mwalimu, hata akisema anatoka kwetu.

Wiki hii jaribu somo moja tu. Kisha angalia bando limebaki ngapi na, muhimu zaidi, watoto wameuliza maswali mangapi.